Naomba ushauri: kujenga vitabu saba vya mdBook kwa amri moja

Habari za kazi wakuu. Natunza miongozo ya programu tunayowauzia wateja: vitabu saba, vyote kwa Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio), vinajengwa kwa mdBook, programu inayoyageuza kuwa kurasa za wavuti. Kila kimoja kina folda yake, book.toml yake (mipangilio) na SUMMARY.md yake (orodha ya sura), ila vyote vimo kwenye hazina moja ya Git.

Shida ni kwamba `mdbook build` hujenga kitabu kimoja kwa wakati. Niliandika skripti ya Bash inayopita folda moja baada ya nyingine. Wiki iliyopita kitabu cha tatu kiligoma, skripti ikaendelea na vingine kama kawaida, wateja wakabaki na kurasa za zamani siku nne. Iliniuma sana, maana mmoja wao alifuata maelekezo tuliyokwisha kuyabadilisha. Nimeongeza `set -e`, inayosimamisha skripti amri ikifeli, lakini sasa kosa moja linasimamisha hata vitabu visivyo na tatizo.

Ninachotaka ni vyote vijengwe, ikiwezekana kwa pamoja, kisha mwishoni nijue kipi kimefeli. Nafikiria `make -j4 -k` (make ni programu ya kuendesha kazi za ujenzi), kwa kuwa -j4 huendesha kazi hadi nne kwa pamoja, na -k huendelea na kazi nyingine lakini bado hurudisha kosa mwishoni. Kuna aliyeitumia hivyo kwa vitabu vingi?

Halafu utafutaji: kila kitabu kina faharasa yake, hivyo anayesoma cha kwanza hapati kilichomo kwenye cha tano. Kuviunganisha sitaki, kila timu hutoa toleo kwa ratiba yake. Mliopitia hili mlifanyaje?