Kifafa cha mtoto hakisikii dawa, vipi kuhusu dayati ya keto?

Mama_Pasua: Habari wapendwa, niko Moshi, mwanangu ana miaka 5, dawa mbili kashatumia dozi kamili na bado anaanguka, nimesikia keto, yani kula mafuta mengi na wanga kidogo sana, inapunguza, mwenye kujua anieleze jamani maana inaniuma sana.

Mdau_Njiro: Pole dada. Ilianza 1921 huko Marekani. Ile kali ni gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa, yani uji, ugali, mtori vyote kando, anabaki na parachichi, mayai, siagi, na kila kitu kinapimwa kwenye mzani. Hata dawa ya kikohozi ya maji ina sukari, soma chupa kwanza.

Nesi_wa_watoto: Usianze mwenyewe nyumbani! Muone daktari wa watoto pale hospitali ya KCMC na mtu wa lishe, apimwe kwanza, kuna watoto miili yao haiwezi kuchoma mafuta, hao inawadhuru vibaya. Na dawa zake usiache.

Mama_Pasua: Asanteni. Ndizi ndo anapenda sasa, mtihani. Nitajuaje kama inasaidia?

Nesi_wa_watoto: Andika kila degedege kwenye daftari. Kwa kawaida wanaipa miezi 3 hivi, ikikataa daktari anaitoa polepole.