Kutoka Mombasa hadi milimani na gari la kulala: Mlima Kenya, Aberdare au Elgon?

MamaZulfa_Kibokoni

Asalaam aleikum wenzangu. Agosti shule zikifungwa tunataka kutoka Mombasa kwa gari, tulale mbugani, turudi baada ya siku tisa. Tuko sita: mimi, baba watoto, mamangu mwenye presha, na watoto watatu, kitinda mimba ana miaka sita. Bahari wameizoea tangu kuzaliwa. Baridi ya kweli hawaijui, na mlima mkubwa wameuona vitabuni tu. Nataka wauone kwa macho yao kabla mkubwa hajaenda shule ya bweni.

Napima njia tatu:

1. Noah yetu (petroli, si 4x4) tumpe fundi atoe viti vya nyuma aweke kitanda.
2. Twende Nairobi kwa treni ya SGR, tukodi Land Cruiser yenye mahema ya juu.
3. Noah iende kama ilivyo, na usiku tulale kwenye mabanda ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Mbuga ninazozitamani ni Mlima Kenya, Aberdare na Mlima Elgon. Baba watoto anasema zote tatu zinawezekana. Mimi moyo wasitasita. Waliokwenda, nisaidieni.

DerevaMstaafu

Waaleikum salaam, binti yangu. Niliendesha watalii miaka mingi, nikuhesabie njia kwanza, kwa sababu ramani ya simu haichoki lakini dereva huchoka.

Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi. Nairobi hadi Nanyuki, miguuni mwa Mlima Kenya, ni 200. Nairobi hadi Kitale, mlango wa Elgon, ni 380. Ukitaka zote tatu, siku zako tisa zitaishia kwenye usukani, na watoto watakachokumbuka ni malori ya Mariakani na foleni ya Mlolongo. Elgon peke yake, kwenda na kurudi, itakula siku nne za barabara tupu. Iacheni kwa safari yake.

Tena usijaribu kufika Nanyuki kwa siku moja. Ondokeni alfajiri baada ya sala, mpite Mazeras kabla malori hayajajaa, na mlale njiani. Usiku barabara ile si ya gari lenye watoto. Lori lililoharibika huachwa katikati ya njia bila taa, likiwekewa matawi ya miti tu kuwa alama, na matawi utayaona umeshayafikia.

Baina ya hizo mbili zilizobaki, kwa familia yenu nachagua Mlima Kenya, upande wa lango la Sirimon. Unapita Nanyuki ukielekea Meru, unakata kulia, na kutoka barabara kuu hadi langoni ni kama kilomita kumi. Lango liko mita 2,650 hivi juu ya bahari. Hamlazimiki kupanda kilele. Asubuhi kabla ya saa tatu mawingu hayajapanda, tokeni nje mtazame. Batian, kilele chake cha juu kabisa, ni mita 5,199, na mwamba wake mweusi ukishikwa na jua la mapema, hata mimi niliyeuona mara mamia nilikuwa nasimama.

Msafiri_Nyali

Mzee amesema kweli juu ya Elgon, lakini Aberdare isitupwe hivi hivi. Nilipita Agosti mwaka juzi kutoka lango la Kiandongoro upande wa Nyeri hadi lango la Mutubio upande wa Naivasha. Unavuka uwanda wa juu kabisa, zaidi ya mita 3,000, nyasi za vishungi, ukungu unakuja na kuondoka, na maporomoko kila upande. Karuru huanguka kwa ngazi tatu, jumla mita 270 na kitu. Unasimama juu yake unasikia maji tu, halafu ukungu unafunguka ghafla unayaona yote. Chania ni madogo, lakini unashuka kwa miguu hadi chini yake.

Sasa niseme lililo zito: tulikuwa na Prado, na bado tulikwama mara moja. Udongo wa kule ni mwekundu, mvua ya nusu saa huugeuza sabuni. Noah isiyo 4x4 isikanyage Aberdare, hata mtu akwambie barabara imetengenezwa.

Na kuhusu mahema ya juu ya gari, mimi nilikodi. Kampuni siitaji. Hema lilivuja usiku wa kwanza, zipu ya upande mmoja haikufunga, na baridi ya kule haina mzaha. Ukikodi, waambie walifungue hema mbele yako, ulale ndani dakika tano, umwage maji juu yake. Soma mkataba pia: uliza ajali ikitokea kiasi gani unabeba wewe kabla bima haijalipa, na kama wanaruhusu gari liingie Aberdare. Wengine hawaruhusu.

Fundi_Magongo

Bi MamaZulfa, nimeshatengeneza Noah na Hiace kadhaa za kulala, kwa hiyo nakujibu la kwanza kama nilivyoliona kazini. Noah yenye kitanda hulala watu wazima wawili na mtoto mmoja, basi. Nyinyi ni sita. Na viti vya nyuma vikitolewa, watu sita mtakaa wapi mkiwa njiani? Mtoto kulazwa kitandani gari likitembea bila mkanda sitakubali hata mteja alipe maradufu.

Hema la juu la gari nalo ni la watu wawili, watatu wakiwa wembamba. Kwa sita unahitaji mawili pamoja na hema la chini. Na bibi hapandi ngazi ya chuma saa nane usiku akienda msalani.

La injini. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini ya petroli isiyo na tabo (turbo) hupoteza nguvu kama asilimia 10 kila mita 1,000. Noah yako Sirimon itakuwa imebaki na robo tatu ya nguvu zake na mzigo wa watu sita. Itapanda, lakini pole pole, gia ya chini, usiilazimishe. Kabla ya kuondoka badilisha maji ya rejeta, angalia breki, na spea iwe ya kweli, si ile kipara ya tangu ununue. Ukishuka pia tumia gia ya chini. Ukishuka kwa breki peke yake zitawaka moto ukifika chini huna kitu.

Na hili nawaomba wote wanaosoma: usiwashe jiko ndani ya gari wala ndani ya hema, la makaa wala la gesi, hata baridi iume vipi. Moshi wake mwingine hauna harufu wala rangi, unaua watu wamelala.

Mkwe_wa_Kitale

Elgon imenyimwa haki hapa! Nimeoa Kitale, naenda kila Desemba. Lango la Chorlim liko karibu na mji, mabanda ya Kapkuro yako ndani ya mbuga, na watu ni wachache mno. Pango la Kitum pekee latosha safari: ndovu huingia gizani wakachimba kuta kwa pembe zao kutafuta chumvi. Alama za pembe mtazigusa kwa mkono. Siku tisa kwa Elgon peke yake, mtarudi mkiwa wapya.

Nesi_Tudor

Nami nimeipenda Elgon, ila la Kitum lisemwe lote. Watu wawili waliougua Marburg, homa ya virusi inayoua, mmoja 1980 na mwengine 1987, walikuwa wametembelea pango lile, na mapango ya popo ndiyo ugonjwa huo unakopatikana. Mtoto wa miaka sita hugusa kila kitu kisha hutia mkono mdomoni. Mimi wangu sikuwaingiza, tulitazama kutoka nje.

MamaZulfa, jambo lililonifanya niandike ni mama na urefu wa mlima. Sisi twaishi usawa wa bahari. Ugonjwa wa mlimani huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi, na humpata mzee, kijana, mwenye nguvu, asiye na nguvu. Kwa hiyo pandeni kwa hatua. Usiku mmoja njiani, mwengine Nanyuki, ambayo iko karibu mita 1,950, ndipo mpande langoni. Kunyweni maji mengi. Mtu akiumwa kichwa, akatapika, au mtoto mchangamfu akawa mnyonge na hataki kula, msingoje asubuhi: shukeni. Dawa ya kweli ni kushuka. Mtoto mdogo hasemi "kichwa chaniuma", husema "sitaki", sasa mchunguzeni.

Mama aende kliniki kabla ya safari, dawa zake ziwe mkobani kwake na si kwenye buti, na daktari aambiwe wazi kuwa analala mita zaidi ya 2,500. Daktari akikataa, mama alale Nanyuki nanyi mpande mchana mrudi. Mlima atauona vizuri tu kutoka mjini.

MwanaLikoni_Ughaibuni

Niko Marekani, nimezunguka mbuga za milima huku kwa RV, lile gari lenye jiko, choo na vitanda. Watu wa nyumbani hunituma picha wakiniuliza kwa nini Kenya hakuna. Huku kila kambi kubwa ina mahali pa kumwaga maji machafu, na nafasi watu huweka miezi sita kabla. Na hata hivyo, milimani yale magari hukwama kwa ukubwa wao. Mbuga ya Glacier kule Montana, barabara ya Going-to-the-Sun, gari lililozidi mita 6.4 haliruhusiwi sehemu ya juu, unaliacha chini unapanda basi. Kambi za nyumbani zina choo, pengine maji, na nyasi. Kwa hivyo gari dogo na paa la banda ni akili zaidi kuliko kutafuta nyumba yenye magurudumu.

Mtaita_wa_Voi

Mkilala njiani, laleni Mtito Andei, ni karibu nusu ya safari ya Nairobi, na lango la Tsavo Magharibi liko pale pale barabarani. Asubuhi ingieni hadi chemchemi za Mzima, kama kilomita 50 za murram (barabara ya changarawe), kiangazi Noah yafika ikienda taratibu. Mvua inayonyesha milima ya Chyulu huzama kwenye mawe ya volkano, ikatokeza Mzima ikiwa safi kama kioo, na kutoka hapo bomba huileta hadi Mombasa. Waonyesheni watoto: maji ya bomba la nyumbani, na kiboko yumo ndani yake.

MamaZulfa_Kibokoni

Wallahi mmenifungua macho. Fundi, la mikanda sikulifikiria kabisa, na kitanda nimekifuta. Nesi, nimeshampigia mama, Jumanne tunaenda kliniki.

Maswali mawili. Mabanda ya Sirimon yana jiko? Na chakula je, nipike nini kule, maana sisi bila wali hatujala.

DerevaMstaafu

Mabanda ni ya kujipikia, vyombo vimo, lakini beba sufuria yako na kisu chako. Kila kitu kinalipwa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali: watu, gari kulingana na viti vyake, na banda. Langoni hawapokei pesa taslimu. Bebeni vitambulisho na vyeti vya watoto ili mlipe kama raia. Tiketi ni ya saa 24, kwa hiyo hesabuni saa ya kuingia. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Na chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, chukueni jerikeni na chupa za chuma.

Nesi_Tudor

Kwa wali: mita 2,650 maji huchemka kwenye nyuzi kama 91, hayafiki mia. Kwa hivyo wali huchukua muda zaidi, na maharage hayaivi hata ukeshe. Chemsha maharage na mbaazi nyumbani, zigandishe, ziweke kwenye kuliboksi, au beba sufuria ya presha. Nyama ya halali mtapata Nanyuki, msikiti uko mjini. Mahamri ya siku mbili za kwanza pika kwako. Na sweta mbili kila mtu, kofia ya sufu na soksi za kulalia. Usiku kule hushuka chini ya nyuzi kumi, nasi hapa ikifika 22 twajifunika blanketi.

Msafiri_Nyali

Mkiwa Nanyuki na hali ya hewa ni kavu, kodini 4x4 na dereva wake kwa siku moja tu, mwende Aberdare alfajiri mrudi jioni. Mama anabaki hotelini kama hataki. Ni nafuu sana kuliko kukodi wiki nzima, na dereva wa kule anaujua udongo wake. Kama mvua imenyesha usiku, msiende.

MamaZulfa_Kibokoni

Basi tumekaa na baba watoto usiku huu tukakubaliana. Mtito Andei usiku mmoja na Mzima asubuhi, Nairobi mmoja, Nanyuki mawili tukizoea hewa na hiyo siku ya Aberdare katikati, Sirimon mawili kwenye banda, kisha tunashuka na usiku mmoja Nairobi na mmoja Mtito tena. Elgon tumeiweka ya Desemba mwakani. Zulfa ameshachora mlima kwenye daftari, ameupaka theluji mpaka chini, sikumsahihisha.

Fundi_Magongo

Leta Noah Jumamosi asubuhi kabla wateja hawajajaa, nikuangalie breki na rejeta. Na ulete ile spea.