Mafuta ya kukinga jua kwa ngozi nyeusi hapa Dodoma: jeli ya SPF 50, ya zinki, ya rangi, au pama tu?

Mpima_Ihumwa:
Habari zenu wakuu. Nimepata kazi ya upimaji viwanja upande wa Ihumwa na Mtumba, naanza mwezi ujao. Nimepita famasia za mjini nikaona aina tatu. Kuna jeli ya SPF 50 (SPF ni namba ya kiwango cha kinga ya jua), ukipaka haionekani. Kuna ya zinki SPF 30, bei nafuu ila inaacha weupe usoni. Ya tatu ina rangi ya kahawia. Jamaa yangu ananiambia niachane na zote, ninunue pama na mashati ya mikono mirefu. Nichukue ipi?

NgoziKwanza:
Mkuu, hapo hatuwezi kukusaidia. Juani unakaa saa ngapi mpaka saa ngapi? Una chunusi au madoa? Kuna dawa unameza? Bajeti je?

Mzee wa Mpunguzi:
Wanangu, ngozi yetu imeumbwa kwa ajili ya jua. Ugogo tumelima mtama na uwele miaka yote bila tyubu. Hiyo pesa nunua buti imara, porini Ihumwa kuna miba.

NgoziKwanza:
Shikamoo mzee wangu. La buti nakuunga mkono. Ila ngozi nyeusi inaungua, tena kweli. Vipimo vya maabara vilikadiria kwamba ngozi nyeusi sana inajikinga yenyewe kama mtu aliyepaka SPF 13 hivi, na ya Mzungu kama 3 hivi. Ni kinga, lakini haimtoshi mtu anayeshinda juani. Tofauti ni kwamba sisi hatuwi wekundu kama nyanya. Ngozi inawaka moto, inavuta, ukigusa inauma, halafu baada ya siku kadhaa inakuwa nyeusi zaidi na kubabuka. Watu wanasema "nimepauka tu", kumbe wameungua.

BintiKondoa:
Na Dodoma tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini kabisa mapema Machi na tena mapema Oktoba, na Oktoba ndiyo hakuna wingu. Juni na Julai ndiyo watu wanajisahau, upepo wa baridi unakufanya usisikie ngozi ikiungua.

Mimi nasema chukua ya rangi. Ile kahawia ni oksidi ya chuma, inazuia hata mwanga wa kawaida, ambao kwetu weusi unakoleza madoa. Hizo nyingine hazifiki hapo.

Fundi Nkuhungu:
Dada, mwanaume apake ya rangi saiti? Na vumbi la Ihumwa lote litaganda usoni. Pama, shati zito la mikono mirefu, kitambaa shingoni, basi.

BintiKondoa:
Kaka, madoa hayaulizi mwanaume wala mwanamke.

Salome wa Kikuyu:
Kabla hamjaendelea, naomba niwaeleze yaliyompata mdogo wangu ili mwenzetu asinunue popote. Yuko chuoni, kule mlimani wanatembea mwendo mrefu kati ya madarasa. Akauziwa kwenye grupu la WhatsApp mafuta yameandikwa SPF 100, yanakinga jua na "kung'arisha". Kopo zuri, lakini halina orodha ya viambato wala alama ya TBS, shirika la viwango. Mwanzoni uso ulikuwa laini, kila mtu anamsifia. Baadaye akitoka saa sita mchana mashavu yanamchoma kama kapaka pilipili. Yakafanya vipele, halafu yakabaki mabaka meusi chini ya macho mpaka akawa anaenda darasani kajifunika mtandio. Daktari wa ngozi alipoliona kopo akasema huo ni mkorogo, umeondoa kinga ya ngozi halafu mtoto anatembezwa juani. Aliyemuuzia alipoulizwa akatoka kwenye grupu. Mabaka yamepungua, hayajaisha.

Hidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, hairuhusiwi kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Mafuta yoyote ya jua yanayoahidi kukutakatisha, yaache dukani.

Mzee wa Mpunguzi:
Pole sana mwanangu. Hilo la mkorogo nalikubali, limeharibu mabinti wengi.

Chamwino2:
Msisahau saratani. Bob Marley alikuwa mweusi na alikufa 1981 kwa saratani ya ngozi.

NgoziKwanza:
Ile ilianzia kwenye kidole cha mguu, chini ya ukucha. Saratani za aina hiyo hazihusishwi na jua. Weusi tukague nyayo na kucha, ndiyo, ila tusiwatishe watu kuwa jua ndilo lililomuua. Ambao jua linawaletea saratani kwa wingi ni ndugu zetu wenye ualbino.

Chamwino2:
Nimesikia kuna mafuta ya Kilisun yanatengenezwa hospitali ya KCMC Moshi. Mpima asitafute hayo?

Salome wa Kikuyu:
Hapana jamani. Hayo yametengenezwa kwa ajili ya wenye ualbino. Tuwaachie.

Mpima_Ihumwa:
Asanteni. Niko juani saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Nina madoa ya chunusi, na nameza doxycycline niliyopewa kwa ajili ya hizo chunusi. Bajeti elfu arobaini.

NgoziKwanza:
Mkuu, la doxycycline ndilo ungeanza nalo! Hiyo dawa inaifanya ngozi iungue upesi. Mwambie aliyekuandikia kwamba kazi yako ni ya juani, usiache mwenyewe. Pama na mikono mirefu kwako ni lazima, mafuta yanakuja juu yake. Miale ya jua inayodhuru ngozi ni ya aina mbili, UVA na UVB. Tafuta tyubu iliyoandikwa UVA, maana SPF inapima hasa UVB. SPF 30 inazuia kama asilimia 97, 50 kama 98, kwa hiyo usilipe pesa nyingi kwa namba. Uso na shingo ni mistari ya vidole viwili, rudia kila baada ya saa mbili.

Fundi Nkuhungu:
Kwa kupaka hivyo, tyubu ya mililita 50 haimalizi wiki mbili. Elfu arobaini itatosha wapi? Pama unavaa miaka.

BintiKondoa:
Apake sehemu ambazo pama haifiki, mashavu na pua. Mwanga unarudi kutoka kwenye udongo mweupe. Bado nasema ya rangi.

Chamwino2:
Mpima, huko Mtumba viwanja vya makazi vimebaki? Nina ndugu anatafuta.

Mpima_Ihumwa:
Njoo inbox mkuu. Pama nitanunua Majengo Jumamosi. Kati ya jeli na ya rangi bado sijaamua.

Neema_Sabasaba:
Samahani naingilia. Mama yangu anauza mboga sokoni, anameza vidonge vya presha, vile vya kukojoa. Mikono imekuwa myeusi sana juu, chini ya kanga iko kawaida. Inahusiana?

NgoziKwanza:
Inawezekana dada, baadhi ya vidonge hivyo vinafanya hivyo. Asiviache hata siku moja. Aende navyo kliniki awaonyeshe mikono. Anakaa upande gani wa soko, ana turubai?