TEAS na zamu za usiku: mlisoma saa ngapi?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Niko Brooklyn Park, Minnesota, mwaka wa pili sasa. Nafanya kazi nyumba ya wazee, saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi, siku nne kwa wiki. Mchana nina Anatomia ya kwanza na maabara yake, pamoja na Kiingereza cha kuandika. Mwakani nataka kuomba shule ya unesi, na chuo kinataka TEAS, ule mtihani wa kuombea nafasi. Kitabu nilinunua mwezi wa nane, hadi leo niko ukurasa wa 31. Nikikifungua tu usingizi unanibeba. Juzi nimeamka peni imenichora shavuni, nikaingia nayo darasani bila kujua.

Mliopita njia hii, mlikuwa mnasoma saa ngapi?

Mdogo wenu

---

Marahaba mdogo wangu.

Mimi niliufanya mara mbili, kwa hiyo nina haki ya kusema. Mara ya kwanza nilibandika ratiba kwenye friji, ya rangi rangi, saa mbili za kusoma kila siku kuanzia saa tisa alasiri. Ilidumu siku tisa. Ilikuwa ratiba ya mtu anayelala usiku, na mimi si huyo. Mara ya pili sikutafuta saa mpya kabisa, nilizibana zile zile nilizokuwa nazo.

Kwanza ujue unachokabili. Maswali ni 170, dakika 209: kusoma na kuelewa maswali 45 kwa dakika 55, hesabu 38 kwa dakika 57, sayansi 50 kwa dakika 60, Kiingereza 37 kwa dakika 37. Ishirini kati ya hayo yote hayahesabiwi, ila hawakwambii ni yapi. Sasa tazama sayansi: yanayohesabiwa ni 44, na 18 kati yake ni mwili wa binadamu. Hiyo si ndiyo Anatomia unayokesha nayo? Basi usiwe na vitabu viwili vinavyogombana. Wiki mwalimu anafundisha figo, na wewe fanya maswali ya TEAS ya figo wiki hiyo hiyo. Tarehe ya mtihani iweke wiki mbili tatu baada ya kumaliza Anatomia ya pili. Mimi nilikaa miezi minane kwanza, nikaingia chumbani nakumbuka majina ya mifupa tu.

Hesabu zenyewe si ngumu kwa mtu aliyesoma kwetu: asilimia, uwiano, sehemu. Kinachotuponza ni vipimo. Sisi tumekua na kilo na lita, hapa kuna ratili, aunsi na inchi. Bahati yako unavishika kila siku kazini. Mzee amemaliza kikombe cha juisi cha aunsi 4, unaandika mililita 120. Amepimwa ratili 154, gawanya kwa 2.2, ni kilo 70. Nilijizoeza kupiga hesabu kichwani kabla sijagusa kompyuta, mpaka ikawa kama kuhesabu chenji ya daladala. Kikokotoo unapewa kwenye skrini, kile cha matendo manne tu. Chako unakiacha nje.

Kuhusu usiku: baada ya mzunguko wa saa nane usiku, wazee wakishageuzwa na kubadilishwa, kunakuwa kimya mpaka kengele ya kwanza. Dakika zako za mapumziko zichukue hapo. Lakini usibebe kitabu! Mimi niliandikiwa onyo kwa sababu ya kitabu kilichokaa mezani, hata sikuwa nakisoma. Beba kadi 10 mfukoni, na kesho yake nyingine 10.

Na hili utalichukia. Usiku nne pamoja na Anatomia ni mzigo wa punda wawili. Toa usiku mmoja, miezi miwili tu kabla ya mtihani. Najua nyumbani kuna watu wanaohesabu tarehe. Wapigie mapema, uwaambie mwezi fulani na fulani nitatuma pungufu. Mimi nilinyamaza, nikakopa ili nitume kama kawaida, na deni lile lilinifukuza usingizi hata siku nilizokuwa sina kazi.

Kiulize chuo chako pia wanaruhusu kurudia mara ngapi na baada ya muda gani. Kila chuo kina lake.

Dada yako, Houston

---

Hamjambo nyote. Dada amemaliza, naongeza mawili tu.

Tahajia. Sisi wa 8-4-4 tulichapwa tukiacha u kwenye colour na labour. Hapa ukiiweka ndiyo kosa. Kwenye Kiingereza una dakika moja kwa kila swali, huna nafasi ya kubishana na mwalimu wako wa darasa la sita. Orodhesha maneno hayo mapema uyazoee.

La pili ni kwa wanaosoma hapa wakiwa na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi: haya ya nyumba ya wazee hayawahusu. Nyinyi muhula ukiwa umeanza mwisho ni saa 20 kwa wiki, tena kazi ya chuoni. Msije mkapoteza viza kwa ushauri wa watu wenye grin kadi.

Kaka, Dallas

---

Nimesoma nikacheka, kisha nikaogopa. Leo asubuhi nimeongea na meneja, kuanzia mwezi ujao siingii Jumatano. Nyumbani bado sijapiga. Nasubiri Jumapili wakiwa wametoka kanisani, mama anakuwa mpole.

Dada, hizo kadi unaandika upande mmoja au pande zote mbili?

---

Pande mbili, swali huku, jibu kule. Na uzifunge kwa mpira. Zangu zilifuliwa pamoja na sare mara mbili, mfumo wote wa chakula ukatoka bonge moja jeupe.