Antena zetu Tanga: picha inaganda, sauti inashika kwikwi. Tupeane uzoefu

BintiMakorora
Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nina wiki ya tatu napigana na antena hapa Makorora na leo mama kanambia niache tu, tv tuifunike kitambaa, roho imeniuma sana kwa sababu mama miguu haimruhusu kutoka na taarifa ya habari ndiyo anayokaa nayo jioni. Tatizo lenyewe liko hivi: asubuhi picha safi kabisa, mpaka adhuhuri bado safi, ikifika saa nane saa tisa inaanza vibox, yaani picha inakatika miraba miraba, sauti inashika kwikwi, halafu inaganda, mara skrini nyeusi hakuna signali. Saa tatu usiku inarudi yenyewe utadhani hakuna kilichotokea. Fundi wa kwanza kachukua elfu kumi na tano, kaigeuza antena kaondoka, kesho yake yaleyale. Wa pili kasema king'amuzi kimekufa ninunue kipya. Sijanunua. Nyie mliopitia haya mlifanyaje? Hata kama ni refu andikeni, nitasoma yote.

BabaZahara_Duga
Umenikumbusha mbali binti. Huku bara kabla ya 1994 hakukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, kwa hiyo mwenye tv hapa Tanga alisimamisha bomba refu kama mlingoti wa jahazi akaelekeza baharini akaomba Mungu. Kazi yangu mimi mtoto ilikuwa kuzungusha bomba nje, baba ndani kwenye tv, mama mlangoni anapitisha maneno: bado, bado, hapohapo, umepita, rudi kidogo, hapo usipumue! Lakini analojia ilikuwa na huruma, picha ikichoka inaleta chenga tu, mpira unautazama na chenga zake na goli unalijua. Walipozima mitambo ya analojia hapa Tanga Januari 31, 2013 ndio tukajua digitali haina nusu, ipo au haipo. Signali ikipungua kidogokidogo wewe huoni tofauti yoyote, picha inang'aa tu, mpaka ifike ukingoni ndio vibox, ikishuka tena nukta moja giza. Watu wanasema king'amuzi kibovu kumbe miezi yote hiyo walikuwa wamekaa ukingoni.

Ngamiani_B12
"Hapo usipumue" hahaha mzee umetutoa mbali. Mimi ndio nilikuwa wa mlangoni.

Mkuu_wa_Nguvumali
Dada nunua busta mambo yaishe. Mimi nilinunua elfu ishirini nikaichomeka nyuma ya tv na sijapata shida tena mwaka wa pili huu.

Fundi_Chumbageni
Mkuu usimpotezee mwenzio hela. Busta haitengenezi signali, inakuza inachokikuta. Ukiiweka nyuma ya tv baada ya mita ishirini za waya mbovu inakuza uchafu wote ulioingia njiani, na ukikaa karibu na mnara ndio inaharibu kabisa, king'amuzi kinazidiwa. Ikibidi busta ikae juu kwenye antena yenyewe, pale signali bado mbichi.

Dada nikuulize, saa hizo inapoharibika upepo wa bahari si ndio unakuwa umeanza? Fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi. Chukua rimoti, ingia kwenye menyu sehemu ya kutafuta chaneli, utaona mistari miwili, mmoja nguvu mmoja ubora. Andika namba za asubuhi, andika za saa tisa. Nguvu na ubora vikidondoka ghafla na kupanda ghafla kila antena inapotikisika, ugomvi uko kwenye waya au kwenye konekta, si mnara si king'amuzi.

Mkuu_wa_Nguvumali
Sasa kama haisaidii mimi naangalia nini kila siku? Mafundi mna tabia ya kumfanya kila mtu hajui kitu.

Fundi_Chumbageni
Sijasema hujui. Wewe inakufaa kwa sababu pengine una spilita, kile kigawanyio cha waya, ya tv mbili tatu, spilita ikigawa mbili kila tv inapata chini ya nusu, hapo busta inarudisha kilichopotea. Kwa dada sivyo, anayoeleza ni mambo ya upepo.

Mwembe_Dodo
Mimi nasema ni mti. Kwetu Pongwe tulihangaika karibu mwaka mzima, tukabadilisha waya, antena, mpaka king'amuzi tukaazima kwa jirani, kumbe ni mwembe wa jirani huyohuyo. Tulipofunga antena ulikuwa mfupi, ukakua ukasimama katikati kabisa. Kiangazi tunaona, masika mvua ikinyesha majani yakilowa hatuoni kitu. Majani mabichi yanakunywa mawimbi asikwambie mtu. Tukamwomba mzee akate matawi akakataa embe zake ziguswe, tukasogeza antena hatua nne tu ukutani upande wa pili, picha ikatulia siku hiyohiyo. Hatua nne!

Kaole_Kwetu
Nawasalimu kutoka Bagamoyo, ugonjwa wetu mmoja sisi watu wa pwani. Huku kinachotumaliza ni chumvi. Antena mpya inang'aa, miezi kumi na minane tu aluminiamu imetoka unga mweupe na ile sehemu waya unapofungwa imekuwa kijani kama mrututu. Kwa chini huoni, mpaka upande ufungue kile kiboksi cheusi cha katikati. Mimi sasa kila baada ya masika nafungua, napiga msasa, napaka grisi kidogo kwa nje, nafunika na tepu nyeusi ya umeme, narudisha.

Jambo la pili, waya wako kabla haujaingia dirishani uache ushuke chini kwanza halafu ndio upande kuingia, ule mkunjo maji ya mvua yadondokee nje. Kwangu ulikuwa unateremka moja kwa moja na maji yalisafiri ndani ya waya mpaka kwenye king'amuzi, siku nimechomoa konekta likatoka tone.

Ngamiani_B12
Tone la maji kutoka kwenye waya!! Mimi yangu ngoja nikaangalie sasa hivi.

BibiShamsa
Wajukuu zangu mie hushika waya kwa mkono pale nyuma, picha hukaa. Nikiachia huondoka. Nimekaa na waya mkononi mpaka taarifa ya habari imeisha.

Fundi_Chumbageni
Shikamoo bibi. Hiyo konekta ya nyuma imelegea, mkono wako unaibana tu. Na mara nyingi uzi mmoja wa ule wavu wa nje unakuwa umegusa waya wa katikati, unywele mmoja tu unatosha kuua picha yote. Mwambie kijana akate hapo akavue upya.

PanganiMoja
Nilikuwa nasoma tu sikutaka kuandika, ila nimeona BabaZahara kaandika habari ya kuzungusha bomba huku mwingine anaita bado bado na mikono imenitetemeka, acha niseme.

Machi 24, 2019, Taifa Stars na Uganda, siku tuliyofuzu kwenda AFCON. Nyumba nzima tumejaa, watoto wa jirani wamekaa mpaka mlangoni. Goli la kwanza la Msuva tuliliona, tukaruka, halafu haikupita muda picha ikaganda. Mchezaji yuko hewani mguu umenyooka na hashuki. Kaka yangu akasema ngoja, akachukua bomba, lile la chuma vipande vitatu vimeunganishwa, akapanda juu ya bati na ndala. Mimi nikabaki na rimoti mkononi naangalia ule mstari wa ubora. Mimi ndiye nilikuwa naita. Bado kaka. Bado. Sogeza upande wa barabarani. Bado.

Mimi ndiye niliyesema upande wa barabarani.

Upepo ulikuwa unavuma, bomba refu likamzidi nguvu likalala kwenye waya wa umeme wa barabarani. Sikusikia kelele yake, nilisikia mlio kama bati linapasuliwa na mtaa mzima ukazimika, nikadhani tu umeme umekatika na nikaita tena kaka vipi? Nikatoka nje nimemkuta chini, bomba limeanguka karibu naye, kile kipande cha juu bado kimeegemea waya. Nikamkimbilia, mzee wa nyumba ya pili akanidaka kiunoni ananipigia kelele usimguse, usimguse, bomba bado lina umeme. Nilimng'ata mkono yule mzee. Alinishikilia hivyohivyo mpaka watu wakapiga simu laini ikazimwa kabisa, ndio tukamfikia.

Kaka yu hai alhamdulillah. Viganja vimeungua mpaka ndani, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatwa, nyayo pia umeme ulitokea hapo. Alikuwa seremala. Sasa anauza dukani. Magoli mawili mengine ya Nyoni na Morris tuliambiwa hospitali kwenye foleni, watu wanashangilia 3-0 na mimi nimeshika ndala yake moja.

Naombeni, antena ni kitu kidogo. Msipande na chuma.

BabaZahara_Duga
Innalillahi. Mwanangu pole sana, na kaka yako mpe pole zangu. Na usijibebeshe, kila mmoja wetu hapa ameshaita "bado" maishani mwake.

Mwembe_Dodo
Nimesoma na kuacha chakula. Pole dada.

Kijana_wa_Sahare
Pole, ila na yeye kaka alikosea, mtu mzima unapanda bati na bomba karibu na nyaya wakati unaona upepo.

Ngamiani_B12
We Sahare una moyo gani? Mwenzio anaeleza alivyoumia wewe unatoa hukumu.

Kijana_wa_Sahare
Nimesema ili wengine wajifunze, si vibaya.

Mkuu_wa_Nguvumali
Kujifunza kuna namna ya kusema. Huyo mzee aliyemdaka kiunoni ndio wa kujifunza kwake, aliokoa mtu wa pili.

Kijana_wa_Sahare
Sawa. Samahani dada wa Pangani, sikukusudia.

Kaole_Kwetu
Ndio maana huku wengi tunatumia boriti au mwanzi mkavu badala ya bomba.

Fundi_Chumbageni
Boriti ni nafuu lakini msiiamini, ikilowa inapitisha, na hata iwe kavu waya wenyewe wa antena ni shaba unatoka juu mpaka mkononi mwako. Kinachookoa ni umbali. Ninavyofanya mimi: napima urefu wa bomba lote pamoja na antena, nikisimama mahali ambapo bomba likianguka upande wowote linaweza kugusa nyaya, hapo sifungi. Nimeshakataa kazi tatu kwa sababu hiyo, mwenye nyumba akanuna akaita mwingine. Anune tu. Na hakuna kupanda upepo ukivuma wala wingu likiwa limejaa, subiri asubuhi. Nyumba ya namna hiyo funga antena ukutani chini ya paa upande wa uani, usiende juu kabisa. Ikionekana signali haitoshi, hapo sasa busta ya juu ina kazi, Mkuu wa Nguvumali nakubaliana na wewe hapo.

Mkuu_wa_Nguvumali
Hatimaye.

Mama_Wawili_Mikanjuni
Na jamani angalieni taa na chaja. Mimi picha yangu ilikuwa inaganda saa moja usiku kamili kila siku, tukasema mnara, kumbe ni taa ya LED ya bei rahisi niliyofunga barazani karibu na waya wa antena. Nikiwasha, vibox. Nikizima, picha. Mume wangu hakuamini mpaka nilipomkalisha nikawasha na kuzima mara kumi.

Mwembe_Dodo
Hii kali, sikuwahi kuisikia. Ila bado nasema miti.

Kaole_Kwetu
Kuna na ile ya joto. Bahari ikitulia usiku wa joto la kaskazi mawimbi yanasafiri mbali kuliko kawaida, ya mitambo ya mbali yanakuja kuparamia yetu. Unaona nguvu imejaa, ubora sifuri. Hiyo usiguse antena, ukiigeuza usiku huo asubuhi ndio utakuwa umepotea kweli. Lala, kesho inarudi.

BintiMakorora
Nimerudi. Kwanza dada wa Pangani, nimemsomea mama habari yako yote, amelia, kasema anakuombea wewe na kaka yako.

Nilifanya alivyosema Fundi. Jana asubuhi nguvu 68 ubora 74. Saa tisa na robo nikakaa na rimoti, ubora 70, 12, 66, 0, 71, kila mti wa nje ukiyumba na namba inayumba. Hapo nikaamini. Leo saa mbili asubuhi kumetulia hakuna upepo mjomba kaja na ngazi, kaegesha upande wa uani mbali na nyaya, hakugusa bomba kabisa, kafungua tu kile kiboksi cheusi. Waya wa katikati ulikuwa umekatika! Umebaki kisiki cha kijani urefu wa punje ya mchele, kimekaa kimyakimya kinagusa, upepo ukivuta waya kinaachia. Fundi wawili wamepita hapo na hakuna aliyefungua. Mjomba kakata kama shubiri moja mpaka akafikia shaba nyekundu safi, kavua, kafunga, konekta ya chini kaweka mpya ya shilingi mia tano, kafunga tepu, halafu waya wenyewe kaufunga kwenye bomba sehemu nne usipigepige tena. Na ule mkunjo wa maji kauweka.

Saa tisa upepo umevuma, nimekaa na mama tunaangalia namba badala ya picha. 76. 76. 75. 76. Mama kanambia toa hayo manamba niangalie vitu vyangu.

Ila kuna chaneli mbili zilizokuwepo mwanzo nimetafuta upya hazijarudi, zingine zote zipo. Walio Makorora na Mabawa nyie mnazipata au na kwenu zimeondoka?

Ngamiani_B12
Ulitafuta kwa otomatiki au kwa namba ya chaneli moja moja? Na kwangu nimechomoa konekta, hakuna tone lakini kijani ipo. Kesho asubuhi napanda, upande wa uani.