Mandhari ya kwetu bila ya jua kuchwa: wachoraji wa India walifanyaje?

Binti wa Mtambwe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi Mpemba, naishi Unguja mwaka wa kumi na mbili huu, nachora na kuuza picha Mji Mkongwe. Picha yangu ni ile mnayoijua: jua linakuchwa, ngalawa, mnazi. Sizidharau picha hizi, maana ndizo zilizonilipia kodi na kumsomesha mdogo wangu.

Msimu wa karafuu nilikwenda nyumbani kumuuguza bibi. Nikakaa barazani, mbele yangu majamvi matatu. La kwanza karafuu zimemwagwa asubuhi ile, bado za kijani na wekundu kwa mbali kichwani. La pili zimeshapigwa jua siku mbili, zimegeuka rangi ya tofali. La tatu hudhurungi imekolea, ukiivunja moja inalia ta! Siku tatu za jua zimelala pamoja uani kwetu. Nyuma ya nyumba bonde la mpunga, na ng'ambo ya bonde kilima cha mikarafuu. Nikatandika turubai nikachora.

Ilipokwisha nilitaka kulia. Upeo wa macho niliuweka pale pale ninapouwekea wageni. Kushoto nilitia mnazi, na pale kwetu hapana mnazi, pana mdoriani! Mkono umechora Pemba isiyokuwepo, nami nimekaa ndani yake.

Sasa, kuna mgeni aliniachia kitabu cha picha za wachoraji wa India. Iliyonishika ni ya Ram Kumar, ya mji wa Varanasi. Alifika huko mwaka 1960 pamoja na mchoraji mwenziwe M. F. Husain, na kabla ya hapo alikuwa akichora watu wa mjini wenye nyuso za huzuni. Varanasi ni mji wa mahujaji, kandoni mwa mto Ganges hapapitiki kwa watu. Yeye picha zake za mji ule hazina mtu hata mmoja. Kuta, ngazi, maji, rangi ya jivu na ya udongo, basi. Na bado nahisi watu wamepita hapo sasa hivi.

Nauliza kwa moyo wote: wenzetu hawa walijitoaje kwenye jicho la mgeni? Nisimame wapi nilione bonde letu?

Mwalimu mstaafu, Chake

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimefundisha kuchora skuli miaka mingi na suala lako limenigusa.

Jicho hilo lina historia yake. Thomas Daniell na William, mtoto wa nduguye, Waingereza, walifika India mwaka 1786. Wakazunguka nchi, na baina ya 1795 na 1808 wakachapisha London picha 144 za mahekalu, magofu na milima. Aghlabu utaona mti mkubwa kando, jengo katikati, na vijitu vidogo chini kuonesha ukubwa wa jengo. Ni kazi za ustadi, mimi nazipenda. Lakini aliyezichora alikuwa mpita njia, na mpita njia husimama mahali pamoja akatazama. Mnazi wako wa kushoto ni jamaa ya miti ile.

Mtafute Benode Behari Mukherjee, aliyezaliwa 1904. Tangu utotoni jicho moja halikuona na la pili lilikuwa dhaifu. Alisoma kisha akasomesha skuli ya sanaa ya Santiniketan, Bengali, kwenye ardhi nyekundu iliyochimbwa makorongo na mvua. Ardhi ile aliichora kwenye karatasi ndefu za kukunjua. Unakunjua upande huu, unakunja ule, na jicho linatembea: mti, korongo, mtu anapita, uwanda mtupu, mti mwengine. Hapana pa kusimama, na ndiyo jawabu yangu kwako. Usisimame. Kutoka majamvini mpaka ng'ambo ya bonde ni njia unayoijua kwa nyayo, basi ichore kama njia.

Alipokuwa na miaka hamsini na kitu alipasuliwa jicho na akapoteza uoni kabisa. Aliendelea kukata karatasi na kuzibandika, kwa mikono na kumbukumbu. Nikifika hapo darasani, wanafunzi walikuwa wananyamaza wote.

Muuzaji wa Gizenga

Dada, mimi ni mtu wa duka, nasema ninachokiona. Jua kuchwa usiliache, kodi haingoji. Wagawie wageni asubuhi yako na jioni ujiwekee mwenyewe.

Tena jua lenyewe halina kosa. Tazama picha za Akbar Padamsee, wa Bombay, ukoo wao Khoja wa Gujarati kama majirani zetu wa Kiponda. Kuanzia 1970 alichora mandhari zisizo za nchi yoyote, na baadhi yake zina jua na mwezi kwa pamoja, fikra aliyoipata kwenye tamthilia ya kale ya Kisanskriti inayovitaja viwili hivyo kuwa ndivyo vinavyotawala wakati. Nilipoiona mara ya kwanza nilikumbuka asubuhi za bandarini, mwezi haujatua na jua limeshatoka. Lile ni jua na wala haliuzi kitu.

Mkulima wa Konde

Mie sijui kuchora. Ila umetaja bonde la mpunga ukalipita mbio, nami nalima bonde.

Amar Kanwar, mtengeneza filamu wa Delhi, alionesha kazi yake Kassel, Ujerumani, mwaka 2012, kuhusu ardhi ya jimbo la Odisha, India, inayotwaliwa kwa migodi na viwanda. Filamu inatazama mashamba na maji taratibu kabla hayajaondoka. Na pembeni aliweka mbegu za mpunga wa asili, zaidi ya aina 200! Kwangu hiyo ni mandhari kuliko mlima wowote. Muulize bibi yako majina ya mpunga aliopanda ujanani mwake, uyaandike humo humo ndani ya picha.

Binti wa Mtambwe

Nawashukuru nyote, Mwenyezi Mungu akuzidishie umri mwalimu wangu. Nimegundisha karatasi za kufungia, zimekuwa ndefu kama mkeka, natandika chini usiku watoto wakilala. Nimeanzia kwenye jamvi la kwanza, karibu mno, karafuu moja moja, hata upeo haumo. Bibi amenitajia majina saba ya mpunga kwa simu, mawili sijapata kuyasikia maishani mwangu. Jana nilimuonesha picha kwa simu hiyo hiyo, akaitazama kitambo. Akasema nimesahau kisima.

Nimerudi nyuma kukitia. Mdoriani bado sijaufikia.