Ameniita "yule wa takataka" mbele ya darasa zima, maiki yake iko wazi!!!

Mchu_Mkavu:
Naandika huku mikono inanitetemeka, kwa hivyo makosa ya herufi msinisumbue nayo.

Mwamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule bwana wa pale juu kitivoni, anayekohoa kwanza ndipo aseme "wenzangu". Tangu vyuo vifungwe kwa korona mwezi wa tatu kazi yake imekuwa kuingia kwenye vipindi vya watu vya Zoom kama askari wa kafyu. Hasemi yuko, kamera kaizima, na jina laonekana "Samsung" tu. Leo kaingia kwangu. Leo! Tarehe 5 Juni 2020, Siku ya Mazingira Duniani, siku ambayo plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, misitu na fuo zetu hapa Kenya, na mimi ndiye mwalimu wa elimu ya mazingira. Nilikuwa nimepiga pasi shati. (Chini kikoi, lakini hilo halikuonekana.)

Somo lilikuwa kupima mikoko. Aliyewahi kwenda mikokoni Gazi, kule Kwale, ajua kwamba somo hili halisomeshwi kitini. Mwaweka kamba kiwanja cha mita 10 kwa 10, mwazama matopeni, kila mmoja na utepe wake. Mchu, aina moja ya mti wa mikokoni, waupima kwa kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, basi. Lakini mkoko wenyewe mizizi yake yakufika usoni, kwa hivyo watafuta mzizi wa juu kabisa, wapanda sentimita 30 zaidi, ndipo wazungusha utepe. Ukikosea hapo, hesabu yote ya kaboni iliyomo mtini imekwenda na maji. Sasa Mombasa imefungwa tangu tarehe 8 Aprili, huingii hutoki. Kwale vivyo hivyo. Nusu ya darasa wako makwao, Kitui, Garissa. Nifanyeje? Nikang'oa mguu wa meza, nikaufunga njiti za ufagio ndiyo mizizi, nikausimamisha mbele ya kamera kwa mkono mmoja, mkono wa pili utepe wa fundi cherehani.

Hapo ndipo. Maiki ikafunguka. Kijiko kikagonga sahani. Na sauti ile mwaijua:

"Aa, huyu ni yule wa takataka. Hebu nipe pilipili."

YULE WA TAKATAKA. NIPE PILIPILI.

Darasa kimya. Mmoja akaweka kile kiuso cha kucheka na machozi. Wa pili akaweka. Baadaye skrini yote njano. Na mwenyewe hata hakushtuka! Alitafuna dakika nzima kwa raha zake, kuanzia Vanga hadi Moyale watu wamsikiliza akitafuna, na mimi nimeshika mguu wa meza. Shahada mbili. Kuumwa na mbu wa mikokoni ujana wote. Yule wa takataka. Na ndiye huyu huyu aliyetuambia safari ya nyanjani "tuibadilishe", kila mwanafunzi achore mkoko nyumbani kwao atume picha. Chuo kikuu! Si tuwagawie na rangi za nta?

Sitaki ushauri. Nataka tu mjue. Alisema pilipili bila hata kuvuta pumzi katikati.

BintiMtongwe:
Pole sana mwalimu. Ila mguu wa meza?? 😂😂 Picha tafadhali.

Kobe_wa_Watamu:
Nilikuwemo darasani. Nathibitisha pilipili. Nathibitisha pia kwamba ule mkoko ulianguka na meza ikafuatia.

Mchu_Mkavu:
Haukuanguka. Uliteleza. Na kama ulikuwemo, kwa nini hukunitetea?

Kobe_wa_Watamu:
Nilikuwa nimelala mpaka aliposema pilipili.

TawiLaTatu:
Mwalimu shikamoo. Mimi ni yule wa Kaloleni niliyekuwa juu ya mwembe. Kwetu mtandao haushiki chini, washika tawi la tatu peke yake. Kwa hivyo darasa zima mwenye mti wa kweli nilikuwa mimi, na hukuniuliza hata swali moja. Bando liliisha uliposema "sentimita 30". Juu ya nini?

Mchu_Mkavu:
Marahaba. Juu ya mzizi wa juu kabisa. Na shuka taratibu.

Bomba_la_Moshi:
Nyinyi wa mazingira mwadeka. Mimi nasomesha kemia. Wiki jana nimewaambia wanafunzi wafumbe macho wafikirie asidi. Nani amelia?

NdaniYaNne:
@Bomba_la_Moshi na kwenye mtihani tufikirie majibu ama?

Kibarua_wa_Chaki:
Mwalilia takataka na mna mshahara. Sisi tunaolipwa kwa kipindi twadai pesa za kabla korona haijapewa jina. Bando latoka mfukoni mwangu. Darasa likikatika naandikiwa sikusomesha. Mimi nikiitwa wa takataka nitajibu "abee bwana", bora hundi itoke.

BabaWawili_Changamwe:
Na wazazi je? Karo nililipa ya bweni, maktaba na maji. Mtoto yuko sebuleni kwangu, ala ugali wangu, umeme wangu, na nikipita nyuma yake aniambia "baba usipite, kamera iko wazi". Kwangu! Naingia jikoni kwa kutambaa.

BintiMtongwe:
😂😂😂 Baba, vaa shati.

Mwana_wa_Mbagala:
Huku Bongo vyuo vimefunguliwa tangu Jumatatu, tarehe 1. Poleni na Zoom yenu.

Bomba_la_Moshi:
Kwani kuna aliyekuuliza?

Mwana_wa_Mbagala:
Nimepita tu kusalimia.

Barakoa_Bei_Poa:
Barakoa za kitenge, tabaka mbili, zafulika. Mombasa kisiwani naleta mlangoni. Njoo inboksi.

Mchu_Mkavu:
Angalau zako zafulika. Zile za buluu nimezikuta zimenasa kwenye mizizi pale Tudor, maji kupwa. Ningekuwa na darasa ningewaonyesha. Lakini mimi si ni wa takataka. Turudi kwenye mada jamani: mtu anaweza kumwambia mwenzake hivyo na kuomba PILIPILI kwa pumzi moja?

Kibarua_wa_Chaki:
Ilikuwa pilipili ya kukaanga ama mbichi?

Kobe_wa_Watamu:
Ilisikika kama ya achari.

Nahodha_Mstaafu:
Kesho Rais anahutubia. Nasikia Kwale na Kilifi zaweza kufunguliwa.

BabaWawili_Changamwe:
Na Mombasa je?

Nahodha_Mstaafu:
Mombasa ngoja kwanza. Mimi naomba wasogeze hii kafyu ya saa moja tu. Feri ya Likoni jioni watu wabanana kushinda kabla ya korona, mita moja utaiona kwenye bango.

BintiMtongwe:
Mimi juzi nimevuka nimesimama kwa mguu mmoja. Wa pili sikuona pa kuuweka.

Barakoa_Bei_Poa:
Na Mtongwe naleta pia, dada.

TawiLaTatu:
Samahani wakubwa, kuna anayejua bando la usiku laanza saa ngapi? Nataka kupakua rekodi ya darasa.

NdaniYaNne:
Saa sita usiku.

TawiLaTatu:
Saa sita siwezi. Huu mwembe una majimoto, na gizani hawaonekani.

NdaniYaNne:
Jirani yenu hana mkorosho?

TawiLaTatu:
Anao. Kuna mwanafunzi wa sheria kule juu tangu mwezi wa nne, na hashuki.